Mpagazi Asiye na Kaburi

Katika ukoo wetu yupo mtu mmoja ambaye mpaka leo hajazikwa. Ni babu wa babu yangu. Aliondoka nyumbani kwake Buddu, upande wa Masaka nchini Uganda, mwaka 1916, akiwa na mzigo wa serikali kichwani, na hakurudi. Wazee wamenikubalia niandike habari zake ila jina lake nisilitaje. Wanaona si vizuri lichapishwe kitabuni kabla mambo yake hayajakamilishwa nyumbani. Kwa hiyo nitamwita Mpagazi, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya alipoonekana mara ya mwisho.

Msomaji asiye Mganda anaweza kuuliza: mtu aliyetoweka zaidi ya miaka 100 iliyopita bila shaka amekufa, sasa kuna shida gani? Shida ni kwamba kwetu mazishi peke yake hayamalizi kifo. Baada ya mazishi, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka, watu wa ukoo hukutana na kufanya kile tunachokiita okwabya olumbe, yaani kuumaliza msiba. Hapo ndipo mrithi huvishwa lubugo, vazi la magome ya mti, akaonyeshwa kwa watu wote kuwa sasa yeye ndiye anayesimama mahali pa marehemu. Bila ya hilo msiba unasemekana umelala tu ndani ya nyumba. Wa Mpagazi umelala tangu Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 2023 babu yangu, ambaye kama watoto wote wa Buganda namwita Jjajja, aliugua sana. Alipopata nafuu aliwaita wanawe akawaambia: "Nikifa msithubutu kufanya olumbe wangu kabla ya wa babu yangu. Mtakuwa mmeruka mtu." Baba alirudi nyumbani akiwa na mawazo mengi. Wakati huo mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisoma Kiswahili na historia, na nikasema, kwa ujinga wa mwanafunzi aliyesoma vitabu viwili vitatu, kwamba mambo haya lazima yameandikwa mahali. Baba akanijibu: "Basi katafute."

Kabla ya kwenda penye maandishi nilikwenda kwa watu, na hapo nikakuta hadithi mbili.

Ya kwanza ndiyo inayosimuliwa na wanaume wa ukoo wanapokaa pamoja. Inasema Mpagazi hakufa vitani. Alifika Bukoba, akapaona pazuri, migomba ipo, samaki wapo, akaoa mke wa Kihaya na kuwasahau aliowaacha. Mke wake naye, alipoona hivyo, alikwenda kwa mume mwingine pamoja na mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye baba yake Jjajja. Alikulia kwa wajomba zake, katika kijiji kingine, na tawi letu lote limeishi huko hadi sasa. Kibanja cha Mpagazi kilichukuliwa na mdogo wake. Kibanja ni kile kipande cha ardhi ambacho mkulima wa Buganda alikuwa akiishi na kulima juu ya shamba la mtu mkubwa, kwa kuwa Mkataba wa mwaka 1900 uliwapa machifu na wakubwa wengine hati za maili za mraba, na wakulima wa kawaida wakabaki wapangaji wao. Wajukuu wa huyo mdogo mtu wapo kwenye kibanja hicho hadi leo. Ni ndugu zetu, tunazikana na kuoleshana watoto, lakini wakikasirika husema sisi ni "watoto wa aliyeachwa."

Hadithi ya pili anayo mtu mmoja tu, dada yake Jjajja. Kwangu yeye pia ni Jjajja, lakini ili nisiwachanganye nitamwita Ssenga, yaani shangazi, kama anavyomwita baba. Alizaliwa mwaka 1936. Mke wa Mpagazi alikuwa bibi yake na alifariki mwaka 1957, kwa hiyo Ssenga alikuwa msichana mkubwa aliyelala chumba kimoja na bibi huyo kwa miaka mingi. Nilimtembelea mwezi Januari 2024. Nilikaa naye siku tatu, nikimenya ndizi na kuandika.

"Bibi yangu hakuachwa," alisema. "Watu wa chifu walikuja asubuhi, bado kuna umande. Walitaka wanaume kumi kutoka kijiji hiki. Walimkuta anapogoa migomba. Baada ya muda mrefu akaja mwanamume aliyekuwa anatembea nyuma yake katika msafara. Alisema mwenzake alikufa kwa tumbo, ng'ambo ya Kagera, akaachwa chini ya mti. Bibi alikaa akingoja kwa sababu wanaume walisema yule ni mwongo."

Nilimuuliza mtu aliyeleta habari hiyo alikuwa nani. Akanitajia jina, la Kikristo na la Kiganda, yote mawili, bila kusita. Nililiandika kwenye daftari langu na kuweka tarehe. Wakati ule sikujua kuwa mstari huo ndio ungekuwa na thamani kuliko yote niliyoandika siku zile tatu.

Nilimuuliza pia kwa nini hakusema haya mbele ya wazee. Akacheka. Alisema aliwahi kusema mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa hayo ni maneno ya jikoni.

Sasa niseme kidogo kuhusu vita vyenyewe, kwa sababu bila ya hivyo hadithi ya Ssenga haina mahali pa kusimama. Mwaka 1914 mpaka wa kusini wa Uganda ulikuwa ndio mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na Buddu ni nchi ya mpakani. Kutoka Masaka hadi mto Kagera si mbali. Mwaka 1916 Waingereza na Wabelgiji walishambulia kwa pamoja. Wabelgiji walitoka Kongo, wakaingia Kigali mwezi Mei, wakasonga hadi Biharamulo, na tarehe 19 Septemba wakaiteka Tabora. Jeshi lao la kaskazini lilihitaji watu wa kubeba chakula na risasi, na Uganda iliwapatia maelfu ya wapagazi. Nchi haikuwa na reli wala barabara za magari upande ule, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mzigo mmoja ulikuwa na kilo 25 au zaidi, na mpagazi alipaswa kuongeza juu yake vitu vyake mwenyewe.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, walioandikishwa kubeba mizigo katika vita vile, toka mwanzo hadi mwisho, walikuwa wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyezoea matoke tangu utotoni alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, tena bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, akaula hivyo siku baada ya siku, huku akinywa maji ya madimbwi. Ssenga hajui lolote kuhusu ripoti za madaktari wa jeshi. Alichosema ni kwamba alikufa kwa tumbo.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Uganda neno posho maana yake ni ugali. Nilipoanza Kiswahili chuoni nilishangaa kuambiwa kuwa kwa Waswahili posho ni mgao wa chakula au wa fedha anaopewa mfanyakazi au askari. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Baadaye nikiwa nasoma habari za wapagazi ndipo nikaelewa: ugali uliingia vinywani mwa wengi wetu kama mgao wa kambini na shuleni, na jina la mgao likawa jina la chakula. Na katika Kiganda mtu anayefanya vibarua vya kubeba na kulima tunamwita omupakasi, neno ambalo kila Mswahili atalitambua kuwa ni mpagazi aliyevaa nguo za Kiganda. Dar es Salaam kuna Kariakoo na Nairobi kuna Kariokor, na majina yote mawili yametoka kwenye jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Baba yangu hakupenda nisome Kiswahili. Kwa watu wa umri wake ni lugha ya wanajeshi, na wanajeshi wa miaka ya 1970 hawakuacha kumbukumbu nzuri. Hata serikali ilipokubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi hakubadilika. Lakini lugha hii ilipita nyumbani kwetu mapema kuliko anavyodhani. Msafarani kulikuwa na watu wa makabila mengi, na amri zilitolewa kwa Kiswahili. Mpagazi lazima alijifunza kusema "mzigo," "simama," "twende."

Nikaenda kwenye nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa zamani ilikuwa Entebbe. Sasa ipo Wandegeya, Kampala, kwa hiyo kwangu ilikuwa nauli ya bodaboda tu. Nilisoma mafaili ya Sekretarieti ya miaka ile kwa wiki mbili. Nilikuta barua za maofisa wakilalamika kuhusu idadi ya watu waliotakiwa, mahindi yaliyooza, na machifu waliochelewa. Niliona tarakimu nyingi na majina machache, na majina hayo yote yalikuwa ya Wazungu na ya machifu. Nikajaribu pia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ina majina ya mamia ya maelfu ya wanajeshi na mahali walipozikwa. Niliandika jina la Mpagazi kwa kila tahajia niliyoweza kuifikiria, kwa L na kwa R, kwa herufi moja na kwa mbili. Hayumo.

Kutokuwemo kwake si bahati mbaya. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Baada ya vita wakubwa waliona kuwa Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Sanamu moja mjini ingetosha kwa wote. Ndiyo sababu Dar es Salaam kuna yule askari wa shaba, na Nairobi kuna sanamu tatu, mmoja wao mpagazi. Nimewahi kumwona huyo wa Nairobi katika safari ya wanafunzi. Nilipiga picha naye kabla sijajua habari zozote za nyumbani kwetu, nikitabasamu.

Vitabu vya Kiganda navyo havikunisaidia. Apolo Kagwa aliandika habari za wafalme na za koo zetu, tena kwa bidii kubwa, na wanahistoria wote wanamtegemea. Lakini ukoo katika vitabu vile ni wa viongozi wake. Mtu anayepogoa migomba asubuhi hana ukurasa.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wetu wa historia. Nilipokuwa nikilalamika kuwa serikali haikuandika, aliniuliza: "Babu zako walikuwa dini gani?" Wakatoliki, nikasema, kama karibu Buddu yote baada ya vita vya mwaka 1892. "Basi unatafuta kwenye ofisi isiyo yao," akasema. Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadri Weupe, walifungua kituo cha Villa Maria mwaka huohuo wa 1892, na vingine vikafuata. Serikali ilihesabu watu ili kuwatoza kodi, lakini mapadri waliwaandika mmoja mmoja, maana kwao kila roho ilikuwa na hesabu yake: nani amebatizwa, wazazi wake ni nani, msimamizi wake nani, ameoana na nani.

Mwezi Juni 2024 nilikwenda kwenye parokia moja ya zamani, nikiwa na barua ya chuo. Sikuruhusiwa kupiga picha wala kutumia kalamu ya wino, nilipewa penseli. Vitabu vimeandikwa kwa Kilatini, kwa mwandiko wa watu waliojifunza kuandika Ulaya katika karne ya 19, na kurasa nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Siku mbili za kwanza nilizipoteza kwa kumfuata mtu mwingine kabisa. Majina ya Kiganda ni mali ya koo, hurithiwa na kurudiwa, kwa hiyo kila kizazi kinaweza kuwa na mtu wa jina lilelile. Jambo hilohilo lina faida yake: ukiona jina unajua ukoo, na ukijua ukoo unajua nani si wako.

Siku ya tatu nilimpata mtoto. Alibatizwa mwaka 1914. Baba yake Mpagazi, mama yake yule bibi wa Ssenga. Nilikaa kimya kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina la Mpagazi kwenye karatasi.

Kisha nikaomba kitabu cha ndoa. Nia yangu ilikuwa kuona ndoa ya Mpagazi mwenyewe tu. Lakini niliendelea kufunua, na katika mwaka 1921 nikamwona mke wake tena, akifunga ndoa na mwanamume mwingine. Kumbe ile sehemu ya hadithi ya wanaume ilikuwa kweli: alikwenda kwa mume mwingine. Ila alikwenda baada ya miaka mitano, na alikwenda kwa kupitia kanisani. Mbele ya jina lake padri aliandika neno moja la Kilatini, vidua. Nilimuuliza katekista mzee aliyekuwa akinilinda maana yake, ingawa nilikuwa nimeshaikisia. "Mjane," alisema.

Hapo inabidi mtu afikiri taratibu. Kanisa Katoliki halikumruhusu mwanamke ambaye mume wake yu hai afunge ndoa nyingine. Mke aliyetelekezwa na mume aliyehamia Bukoba angebaki ameolewa maisha yake yote mbele ya padri, hata kama mume ana wake kumi huko. Ili aandikwe mjane ilibidi kifo cha mume kithibitishwe, na pale penye vita, ambapo hakuna cheti wala kaburi, kilichobaki ni ushahidi wa watu waliokuwepo. Nikashuka kwa macho hadi safu ya mashahidi wa ndoa. Kulikuwa na majina mawili. La pili lilikuwa lile nililokuwa nimeliandika mwezi Januari, nyumbani kwa Ssenga.

Nilifungua daftari kuhakikisha. Katekista alidhani naumwa, akaniletea maji.

Sitaki kudai zaidi ya kinachoonekana. Kitabu cha ndoa hakisemi Mpagazi alikufa lini, wapi, wala kwa ugonjwa gani. Shahidi wa ndoa si lazima awe ndiye shahidi wa kifo. Huenda alikuwa rafiki wa bwana harusi tu. Padri anaweza kuwa alimhurumia mwanamke kijana aliyengoja miaka mitano. Na kuna wapagazi ambao kweli hawakurudi kwa hiari yao, kwa hiyo hadithi ya Bukoba si jambo lisilowezekana. Lakini Jan Vansina, aliyefanya kazi miaka mingi Kongo, Rwanda na Burundi, alitufundisha kuuliza kuhusu kila simulizi: nani aliisema, nani aliihifadhi, na kwa faida ya nani? Simulizi ya Ssenga ilihifadhiwa na wanawake wawili wasiopata chochote kutokana nayo, na inakubaliana na karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Simulizi ya Bukoba, kila nilipoifuata kwa wazee, ilirudi kwa mtu mmoja: mdogo wake Mpagazi, aliyebaki na kibanja. Sisemi alidanganya. Labda aliambiwa na mtu mwingine akaamini, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuamini kwamba kaka yako anakula samaki Bukoba kuliko kwamba ameachwa chini ya mti.

Niliyasema haya mbele ya wazee mwezi Desemba 2024, nyumbani kwa Jjajja. Nilisoma nilichonakili kwa penseli. Ssenga alikuwa ameletwa na gari, amekaa kwenye mkeka, na nilipotaja jina la shahidi alipiga makofi mara moja tu akanyamaza. Baba mdogo mmoja wa upande wa kibanja, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekunja uso, aliuliza: "Wewe binti, unatafuta babu au unatafuta shamba?"

Nilimjibu kwa heshima kuwa mimi ni binti, nitaolewa niende kwa watu, mrithi wa Mpagazi hawezi kuwa mimi wala mtoto wangu. Hilo lilimtuliza kidogo. Ila swali lake lilikuwa la haki, na nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Mrithi akivishwa lubugo, atakuwa amesimama mahali pa Mpagazi, na mahali pa Mpagazi ni kile kibanja. Hakuna mtu katika tawi letu aliyesema anakitaka. Hakuna pia aliyesema hakitaki.

Kikao kilikubaliana jambo moja: aliyekufa mbali na mwili wake haukuonekana anaweza kuzikwa kwa shina la mgomba, lifungwe kwenye lubugo kama mtu, kisha olumbe ufuate. Jjajja alitaka lizikwe kwake, aweze kuliona kaburi kutoka kitandani. Ssenga alisema hapana, Mpagazi alitolewa kwenye migomba yake mwenyewe na huko ndiko anakotakiwa kurudishwa. Baba mdogo aliomba nimpe nakala ya maandishi yangu akayasome na ndugu zake. Nilimnakilia usiku huohuo, kwa penseli, na neno vidua nikalipigia mstari. Amesema watatujibu baada ya mavuno.